Hapa Haishi Mtu

Delmar Magee alimpita mama yake mzazi bila kumsalimu siku ya Alhamisi, saa nane mchana, akiwa na watalii wanane garini. Angekuwa amemtukana, mtaa ungesema joto la Agosti limempanda kichwani na mambo yangekwisha. Lakini kwetu mjini Jackson mtu hapiti mbele ya baraza lenye mtu akakaa kimya. Unainua mkono, unasema neno, hata kama mwenye baraza mligombana jana kanisani. Wezi wenyewe wakipita wanasalimu.

Haikuwa njia aliyoipanga. Alikuwa amewatoa wageni kwenye jengo la bunge la jimbo, lile lenye kuba na tai wa dhahabu, na alitaka kuwafikisha makumbusho kwa barabara kubwa ambayo bado ina maduka mawili matatu yaliyo wazi. Barabara ilikuwa imechimbwa. Bomba limepasuka tena, na mafundi wanne walikuwa wamesimama kando ya shimo wakilitazama. Mmoja wao akamwonyesha ageuke kushoto. Kushoto ni Mtaa wa Hattie, na Mtaa wa Hattie ndiko Delmar alikozaliwa.

Wageni walikuwa wastaafu kutoka Minnesota, wengi wao walimu, watu wapole wanaosema asante kwa kila kitu, na hilo lilimpa Delmar taabu zaidi kuliko kama wangekuwa jeuri. Kiongozi wao, Marjorie Lindquist, alikuwa na daftari dogo ambalo halikumtoka mkononi. Kampuni yake ndiyo ingeamua kama kila mwezi kundi lingine litakuja kwa Delmar au litakwenda kwa mtu mwingine mji mwingine. Tangu kiwanda kimfungie mlango akiwa na miaka hamsini na sita, Delmar hakuwa amepata jambo la maana kama daftari lile.

Kipoza hewa cha gari kilikufa asubuhi ile, kwa hiyo madirisha yote yalikuwa wazi. Na kipaza sauti alichokinunua Delmar kilikuwa kikubwa mno kwa gari lile. Mtu aliyekuwa bustanini mwake nyumba tatu mbele angeweza kujifunza historia ya jimbo bila kulipa.

"Delmar, punguza mwendo kidogo," alisema Gordon, mzee mwenye kamera kubwa. "Hii lazima niipige."

Nyumba aliyoitaka ilikuwa ya mbao. Paa lilifunikwa turubai la buluu, rangi ilikuwa imebabuka, na pembe moja ya baraza ilishikiliwa na jeki ya gari. Mti wa maua ulikuwa umejitanua mbele, na baraza lenyewe lilizungushiwa wavu wa mbu uliokwisha kuwa mweusi kwa vumbi.

"Maskini," alisema mwanamke mmoja wa kiti cha nyuma. "Nani anaweza kuishi mahali kama hapa?"

Hakuwa akiuliza ili ajibiwe. Lakini Delmar alikuwa na kipaza sauti mkononi, na tangu asubuhi alikuwa akijibu kila kitu.

"Hakuna," alisema. "Hapa haishi mtu. Tangu mwaka tisini na nane."

Nyuma ya wavu mkono uliinuka. Ulikuwa umeshika upepeo wa karatasi ngumu wa kujipepea, kama zile wanazogawa kwenye mazishi. Wageni hawakuuona. Delmar aliuona, akaujua. Aliangalia mbele, akakanyaga mafuta.

Ng'ambo ya barabara, Mzee Purvis aliyekuwa amelala ubavu akifungua mashine yake ya kukatia majani aliinua kichwa. Aliliangalia gari hadi likakata kona.

"Luvenia!" aliita. "Umesikia hayo? Kumbe mwenzangu umekufa tangu tisini na nane, na mimi kila Jumapili nakuja kukuazima sukari!"

Bi Luvenia Magee, miaka themanini na tatu, hakucheka. Alishusha mkono wake, akauweka mapajani.

*

Verlinda, mke wa Delmar, alikuwa kwenye foleni ya magari nje ya kanisa akisubiri kugawiwa maji ya chupa, maana ya bomba yalikuwa hayanyweki, pale mama mkwe wake alipopiga simu.

"Verlinda, mwanangu, hujambo?"

"Sijambo, Mama. Nimo kwenye foleni ya maji yako, Delmar atakuletea jioni."

"Mumeo macho yake mazima?"

"Mazima. Kwani vipi?"

"Na masikio?"

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu, naulizia afya tu," alisema Bi Luvenia, akakata.

Delmar aliporudi alikuwa na furaha ya kujilazimisha. Alieleza jinsi wageni walivyopenda makumbusho, na jinsi Marjorie alivyoandika kurasa mbili nzima. Verlinda alimsikiliza huku akimimina maji ya chupa kwenye sufuria ya maharage. Maji ya bomba hata ukiyachemsha alikuwa hayaamini.

"Umempita Mama leo?" alimuuliza.

Delmar alivua kofia. "Nani kakwambia?"

"Purvis kamwambia mkewe, mkewe kaniambia mimi kwenye foleni, mbele za watu. Hivi ni kweli ulisema haishi mtu?"

"Nilikuwa kazini, Verlinda."

"Kazini ndiko mikono haiinuki?"

"Yule mgeni alishasema nani anaweza kuishi pale! Ningejibu nini? 'Mimi hapa, nilizaliwa chumba cha kati'?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Wewe hukuwepo garini."

"Mama alikuwepo barazani," alisema Verlinda.

Delmar hakula. Alibeba maboksi mawili ya maji, akaenda. Mlango wa wavu ulikuwa umefungwa kwa ndoano na taa ya ndani ilikuwa inawaka. Alibisha.

"Nani?"

"Mimi, Mama. Nimeleta maji."

"Umekosea nyumba, baba. Hapa haishi mtu."

"Mama, acha basi. Fungua tuongee."

Alisikia kiti kikisogezwa.

"Nimekwambia mara ngapi uhame uje kwetu?" alisema Delmar, sauti ikimpanda. "Ungehama, haya yote yangetoka wapi?"

Taa ikazimwa. Ilikuwa haijatimia hata saa mbili. Delmar aliacha maboksi kwenye ngazi akarudi garini, na alikuwa na aibu ambayo alijitahidi kuiita hasira.

*

Ijumaa asubuhi maboksi yale yalikuwa kando ya barabara, yamepangwa vizuri karibu na pipa la taka. Mzee Purvis alisema alimwona Luvenia akiyasukuma kwa mguu, hatua moja moja, akipumzika, na alipojitolea kumsaidia aliambiwa aangalie mashine yake.

Verlinda alitoka kazini kwake, jikoni mwa shule, akapitia mlango wa nyuma. Alimkuta mama mkwe ameketi mezani, nywele zimechanwa, gauni limepigwa pasi, feni inazungusha hewa ya moto. Jagi lilikuwa na maji ya kujaza kikombe nusu. Vidonge vya shinikizo la damu vya asubuhi vilikuwa bado kwenye kisahani. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi imepasuka.

Verlinda alitoa chupa mkobani, akafungua, akamsogezea.

"Maji ya nani haya?"

"Ya kanisani, Mama."

"Nani aliyapakia garini leo asubuhi?"

Verlinda si mwongo. "Delmar."

"Sina kiu."

"Mama, nje kuna joto kali! Utaanguka humu, nani atajua?"

"Purvis ameniletea ya kwake, nimemrudishia. Sijaomba maji kwa jirani maisha yangu yote. Nina mwana wa kuniletea maji. Kama sina, basi sina, na nyumba isiyo na mtu haina haja ya maji."

"Unataka nini hasa? Akupigie magoti?"

"Magoti ya nini? Sakafu yenyewe mbovu." Bi Luvenia alijipepea. "Nataka anisalimu. Kama alivyonipita: mchana, na watu wake, na hicho kidude chake cha kusemea. Hakunipita kwa kunong'ona, asije kunisalimu kwa kunong'ona."

Verlinda aliufikisha ujumbe ule neno kwa neno. Delmar alikaa kitandani akaukandakanda uso wake.

"Kesho ndiyo siku yao ya mwisho," alisema. "Yule Marjorie kaniahidi jibu kesho. Wakijua nimewadanganya, hawarudi tena."

"Lakini umewadanganya."

"Mama atakufa kwa ukaidi."

"Basi atakufa kwa ukaidi, na wewe ndiye utakayesimama kanisani siku ya mazishi kumwelezea. Utasemaje? Utasema alikufa mwaka gani?"

Hilo lilimkaa. Verlinda aliona limemkaa, akamwacha. Alilala amempa mgongo, lakini hakupata usingizi, wala mumewe hakupata.

*

Jumamosi mchana wageni walikula kambare wa kukaanga kwenye mkahawa ambao Delmar alipatana nao bei. Kabla ya kugusa glasi, mgeni mmoja alimuuliza mhudumu kama barafu ilitokana na maji ya bomba. "Barafu imetoka dukani, bibi," mhudumu alijibu, kwa sauti ya mtu aliyejibu hivyo mara kumi siku hiyo. Mgeni akasema asante sana. Delmar alimgeuzageuza samaki wake.

"Hujala, Delmar," alisema Marjorie. "Una wasiwasi? Usiwe nao. Nina habari nzuri, nitakwambia tukimaliza mzunguko."

Angeweza kupita barabara kubwa. Shimo lilikuwa limefukiwa kwa mchanga, na magari yalikuwa yakipita. Delmar alifika pale, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau kitu, akageuka kushoto.

"Ah, tunarudi kwenye lile gofu!" alisema Gordon kwa furaha, akitafuta kamera yake. "Safari hii mwanga ni mzuri."

Delmar alisimamisha gari mbele ya nyumba na kuzima injini. Mzee Purvis alikuwa kwenye kiti chake ng'ambo, na mkewe, na watu wa nyumba mbili zaidi, wote wakijifanya wana shughuli. Alichukua kipaza sauti. Alikuwa amesemea humo siku tatu mfululizo bila kukwama, na sasa alikifuta kwanza kwa shati.

"Habari za jioni, Mama," alisema. Ilikuwa saa nane na nusu, lakini kwetu jioni huanza chakula cha mchana kikishashuka. "Ni mimi, Delmar. Mwanao."

Sauti ilikwenda ikagonga ukuta wa Purvis, ikarudi. Garini Gordon aliishusha kamera yake.

"Juzi nilipita hapa," aliendelea. "Uliniinulia mkono, nikakuona. Nikasema hapa haishi mtu. Nilisema uongo. Hapa unaishi wewe, tangu kabla sijazaliwa. Nisamehe, Mama."

Mlango wa wavu ulilia. Bi Luvenia alitoka hadi ukingo wa baraza, akashika nguzo. Alikuwa amevaa kofia yake ya Jumapili, na ilionekana wazi kwamba ameivaa tangu asubuhi.

"Nimekusikia," alisema. "Mtaa mzima umekusikia. Sasa hao wenzio hawana midomo?"

Wageni wakaangaliana. Marjorie ndiye aliyeshuka wa kwanza, uso mwekundu, na wengine wakamfuata mmoja mmoja kwenye nyasi. Walisema habari za jioni. Bi Luvenia aliwapa mkono wote wanane, akawauliza kwao wapi na watu wao ni kina nani, na hakumwachia mtu mkono mpaka ajibu. Marjorie alijikuta akieleza habari za baba yake na ng'ombe wake wa maziwa. Yule mwanamke wa kiti cha nyuma alitaka kuomba radhi, akaanza mara mbili, akashindwa.

"Kaa, mwanangu," Bi Luvenia alimwambia. "Kiti hicho hakiumi. Usikae pembe ile tu, pana jeki."

Kisha akamgeukia Gordon. "Wewe ndiye mwenye picha. Nionyeshe."

Gordon alibonyeza bonyeza, akamshikia kamera. Bi Luvenia alivaa miwani, akaiangalia picha muda mrefu.

"Ikuze hapo. Hapo, nyuma ya maua."

Akaikuza. Kwenye weusi wa wavu palikuwa na kitu cheupe, upepeo wa karatasi, na chini yake vidole.

"Huyo ni mimi," alisema Bi Luvenia. "Nawakaribisha mjini."

"Bibi, sikukuona," alisema Gordon. "Naapa sikukuona."

"Najua. Wewe hunijui, ungeonaje? Wala sikulaumu." Alivua miwani. "Yeye aliniona."

Delmar alikuwa amesimama chini ya ngazi, boksi la maji alilolitoa garini likiwa begani, jasho likimchuruzika hadi machoni. Hakuwa na mkono wa kulifutia. Watu wote kumi na zaidi, wa barazani na wa ng'ambo, walimwangalia, na yeye akamwangalia mama yake. Alitamani ardhi ipasuke, na wakati huohuo alijisikia mwepesi kuliko siku zote mbili zilizopita.

"Haya, hayo maji yatajileta yenyewe?" alisema Bi Luvenia. "Wageni wana kiu."

Aliingiza maji. Alijua kabati la glasi lilipo bila kuulizwa, na wageni waliliona hilo pia. Bi Luvenia aliwanywesha wote kwanza, kila mtu na glasi yake, hata Purvis aliyevuka barabara bila kuitwa. Yeye mwenyewe alikuwa wa mwisho. Delmar alimmiminia, akampa kwa mikono miwili. Mama alimeza vidonge vyake, akanywa hadi chini bila kupumua, akamrudishia glasi amjazie tena.

*

Delmar aliwarudisha wageni garini. Walikuwa wamefika taa za barabara kubwa pale Marjorie alipoinama mbele, karibu na kiti cha dereva.

"Delmar, niambie ukweli. Huwa unafanya hivi kwa kila kundi?"

"Kufanya nini?"

"Hii. Kupita kwanza, halafu kurudi. Yule bibi na kofia yake." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi ya kweli. "Nimeongoza safari miaka kumi na mbili, sijaona kitu kama hiki. Wameguswa wote. Sikiliza, kampuni imekwisha kukubali kila mwezi. Nami nitawaandikia kwamba hiki ndicho kiwe kituo cha mwisho. Tutampa bibi chochote kila tukija. Fikiria, angeweza kutengeneza lile paa."

Delmar alifikiria. Haitakuwa haki kusema hakufikiria. Alilifikiria paa, mbao mpya za baraza, na Jumamosi moja kila mwezi mama yake amevaa kofia, ameketi, akisubiri kusalimiwa na watu waliolipia. Taa ilikuwa imewaka kijani, na gari la nyuma likapiga honi.

"Hapana, Bibi Marjorie," alisema. "Yule ni mama yangu."

"Najua. Ndiyo maana nasema—"

"Ndiyo maana nasema hapana. Makumbusho nitawapeleka, bunge nitawapeleka, kokote. Pale sitasimamisha gari."

Marjorie alikaa vizuri kwenye kiti chake. Hakuwa mtu mbaya. Alifungua daftari, akautazama ukurasa mzima, akasema ofisi ndiyo itakayoamua na watampigia simu. Kwetu hapa kila mtu ameshaambiwa maneno hayo na mtu fulani, na Delmar aliyajua maana yake kabla hayajaisha kutamkwa. Aliwashusha hotelini. Walimshukuru sana, mmoja mmoja, na Gordon alimshika bega kwa muda, akaondoka.

Alipofika nyumbani alisimulia yote akiwa amesimama mlangoni, funguo mkononi. Verlinda alikuwa akikata mkate wa mahindi.

"Kila mwezi?" aliuliza. "Walikuwa wamekubali kila mwezi?"

"Walikuwa wamekubali."

"Na ukakataa, hata mwenye baraza hukumuuliza?"

"Nimekataa."

Verlinda aliweka kisu chini. Alikuwa na mengi ya kusema juu ya bili ya umeme, juu ya gari lisilo na kipoza hewa, juu ya wanaume wanaojifunza heshima siku isiyofaa. Aliyameza.

"Mama amekunywa?"

"Glasi mbili."

"Basi kaa ule," alisema.